Daftari la Wiki: Ukungu Una Majina Mengi

Asubuhi za Mei na Juni milima ya Uluguru hujifunika hadi mabati ya Mgeta yasionekane kutoka ng'ambo ya bonde, na watu husema ukungu umeshuka. Siku chache baadaye mkulima anageuza jani la nyanya, anakuta baka la kijivu linaloelekea weusi, na chini yake vinyoya vyeupe vyembamba kama vumbi la unga. Sasa anasema ukungu umeingia. Neno ni lile lile, na Kiswahili hapa hakikuteleza: ukungu wa pili husafiri kwa hisani ya ule wa kwanza. Jani likilala na unyevu usiku kucha kwenye baridi ya nyuzi 15 hadi 20, mgeni ameshaingia ndani kabla jua halijapanda.

Kasoro ya neno hilo ni ukarimu wake. Linapokea kuvu wa mkate uliolala, ugonjwa wa mpunga, pamba inayoota juu ya mayai ya kambale, na viumbe wengine ambao si kuvu hata kidogo. Daftari la wiki hii, ya mwanzo wa Juni, limejazwa zaidi ndani ya wilaya moja, Mvomero, yenye Dakawa bondeni kwenye joto na Mgeta juu kwenye baridi.

*

Dakawa kila mtu anaikumbuka kwa lake. Kuna wanaoitaja kwa kambi ya miaka ya 1980 ya wapigania uhuru wa ANC wa Afrika Kusini. Wakulima wanaitaja kwa majaruba: hekta zipatazo 2,000 za lililokuwa shamba la shirika la serikali la NAFCO, zinazonyweshwa kwa maji yanayovutwa na pampu kutoka Mto Wami, na ambazo sasa zinalimwa na wakulima wadogo wa ushirika wa UWAWAKUDA. Jirani kuna kituo cha utafiti wa mpunga cha TARI, ambacho wenyeji wengi bado wanakiita Cholima. Huyo ni farasi mwenye mabawa wa hadithi za Korea. Jina lilibaki baada ya Wakorea Kaskazini walioshirikiana na Tanzania kituoni hapo. Mbegu inayotamba shambani ni TXD 306, iliyoidhinishwa mwaka 2002, ila ukiitaja hivyo utaonekana umetoka mbali. Ni SARO.

Ukitembea juu ya kingo za jaruba wakati huu, angalia mashuke. Mpunga uliojaa huinama. Shuke linalosimama wima, jeupe, jepesi, likipepea kuliko wenzake, lipapase shingoni: utakuta mahali pameoza na kuwa na rangi ya kahawia iliyokoza. Hiyo ni blasti ya shingo. Wiki kadhaa nyuma ilikuwa kwenye majani, kama madoa yenye umbo la jicho, katikati kijivu na pembeni hudhurungi, na pengine hakuna aliyeyatilia maanani.

Namna kuvu huyu anavyoingia ni jambo la kustaajabisha. Spora yake, yenye umbo la peasi, hutua juu ya jani lililolowa umande na kujibandika kwa gundi yake mwenyewe. Inachipua, kisha inajenga kibofu cheusi kidogo ambacho hujaza gliserini na kuvuta maji mpaka msukumo wa ndani ufikie megapaskali 8 hivi. Tairi la gari dogo linajazwa upepo wa kama 0.2. Kwa hiyo kitu kisichoonekana kwa macho kinabeba msukumo mara arobaini ya tairi, na wote unaelekezwa kwenye ncha moja inayotoboa ngozi ya jani. Jani la mpunga lina silika, malighafi ile ile ya kioo, na bado linatoboka.

Mambo mawili humpa nguvu. La kwanza ni urea ya kupindukia: shamba linakuwa la kijani la kupigia picha, majani laini, na kuvu naye anapenda laini. La pili ni ukavu wa chini unaokutana na umande wa juu. Mpunga uliosimama majini hustahimili blasti kuliko ule ambao jaruba lake limekauka hadi kupasuka, kwa hiyo pampu ikisimama siku nyingi hasara haiishii kwenye kiu. Watu wa ngano nao wameanza kumfahamu: tawi lake linaloshambulia ngano lilionekana Brazil mwaka 1985, likazuka Bangladesh mwaka 2016, na mwaka 2018 likaonekana Zambia, hapa jirani.

Si kila mpunga unaougua una kuvu. Ukigeuka manjano na kudumaa, hiyo huenda ikawa kimyanga, ambacho ni kirusi kinachosambazwa na mbawakawa. Dawa ya ukungu haikigusi.

*

Sasa Mgeta. Ugonjwa unaounguza nyanya na viazi huko vitabuni unaitwa bakajani chelewa, na anayeusababisha ni *Phytophthora infestans*. Jina hilo la kwanza lilitungwa na Mjerumani Anton de Bary mwaka 1876, kwa Kigiriki, maana yake mharibifu wa mimea. Ndiye aliyeingia Ireland mwaka 1845, akaozesha viazi ardhini, na watu wapatao milioni moja wakafa kwa njaa na maradhi yaliyofuata.

Huyu si kuvu. Anaota kama kuvu, anatoa nyuzi kama kuvu, anasambaa kwa spora kama kuvu, lakini ukoo wake ni wa mwani wa kahawia wa baharini. Kuta za seli zake ni za selulosi, kama za mmea, wakati kuvu wa kweli hutumia kitini, kitu kile kile kilichomo kwenye ganda la kaa na la mende. Vimelea wa ukoo huu wana spora zinazoogelea kwa mikia miwili. Tone la maji juu ya jani kwao ni bwawa.

Msomaji atasema hayo ni mambo ya maabara. Ni mambo ya mfuko. Dawa za kundi la triazoli huua kuvu kwa kumzuia kutengeneza aina ya mafuta ambayo *Phytophthora* hajitengenezei kabisa, kwa hiyo kwenye bakajani chelewa mkulima anapiga bomba bure. Na kinyume chake: metalaksili inawalenga hawa wa mikia miwili. Mkulima wa Dakawa akiazima chupa ya shemeji yake wa Mgeta kwa kuwa wote wawili wana "ukungu", atakuwa ameumwagia mpunga maji ya bei mbaya.

Mrututu ni habari nyingine, huo haubagui. Mwaka 1882, katika mashamba ya zabibu karibu na Bordeaux, Ufaransa, mtaalamu wa mimea Alexis Millardet aliona mizabibu ya kando ya barabara ina majani mazima huku ya katikati ya shamba imepukutika kwa ubwiri vinyoya, ndugu mwingine wa ukoo ule. Akauliza. Kumbe wenye mashamba walikuwa wameipaka ya barabarani mrututu na chokaa ili zabibu zionekane chafu na wapita njia wasiibe. Mwaka 1885 akaitangaza kuwa dawa. Mwizi wa zabibu hajawahi kupewa heshima yake katika historia ya kilimo.

Na kinyausi, kile kinacholaza miche kitaluni kana kwamba imekatwa na wembe usawa wa udongo? Humo wamo wote, kuvu wa kweli na jamaa wa mwani, kwenye kitalu kimoja. Kinachowaunganisha ni maji yaliyotuama na miche iliyobanana.

*

Kingolwira, nje kidogo ya mji wa Morogoro, kuna kituo cha serikali cha ufugaji wa samaki, na yeyote anayetotolesha kambale anaijua pamba. Yai lililokufa huota nyuzi nyeupe za *Saprolegnia*, mwenye mikia miwili mwingine huyo, kisha nyuzi zinakumbatia mayai mazima yaliyo kando yake. Mayai ya kambale huanguliwa kwa takriban siku moja na nusu maji yakiwa ya uvuguvugu. Mashindano ni mafupi: mtotoleshaji anaondoa yaliyokufa, anahakikisha maji yanatembea, na usiku huo halali sana.

*

Kipo kiumbe kimoja ambacho ukungu ulikuwa uhai wake na kifo chake. Chura wa Kihansi, mwenye rangi ya dhahabu, hafikishi sentimita 3, na hatagi mayai bali huzaa watoto waliokwisha kuwa vyura. Aligunduliwa mwaka 1996 katika korongo la Mto Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa, akiishi kwenye majani yaliyolowa manyunyu ya maporomoko. Makazi yake yote duniani yalikuwa eneo la hekta chache tu. Wakati huohuo bwawa la umeme la megawati 180 lilikuwa likijengwa juu yake. Mitambo ilipowashwa, maji mengi yalipita kwenye mahandaki, manyunyu yakakatika, na korongo likakauka.

Hatua zilizochukuliwa hazikuwa ndogo. Novemba 2000 vyura 499 walipandishwa ndege kwenda Marekani, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx. Korongoni yakatandazwa mabomba ya kunyunyiza, mvua ya kutengenezwa na binadamu. Ilisaidia: katikati ya mwaka 2003 walikadiriwa kufika kama 20,000. Kisha, katika wiki chache, wakaanguka. Januari 2004 walioonekana ni wa kuhesabu kwa vidole. Miili iliyookotwa ilikuwa na kuvu wa kitridi kwenye ngozi. Wapo watafiti wanaoongeza kwamba kusafishwa kwa bwawa siku hizo huenda kulishusha tope na viuatilifu, na ubishi huo ni halali. Mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kutoweka porini.

Kitridi ni kuvu wa kweli, mwenye kitini chake kamili, na bado anaogelea. Hesabu mkia: mmoja. Hutua kwenye ngozi ya chura, na chura hunywea maji kwenye ngozi, hupitishia chumvi za mwili humo, na kwa sehemu hupumulia humo. Chumvi zikivurugika, moyo unasimama. Kuvu huyu hapendi joto, likizidi nyuzi 28 hivi hudhoofika, ndiyo maana vijito baridi vya milimani ndivyo vinavyotia hofu zaidi, na Uluguru ina vyura wake ambao hawapo kwingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulihesabu spishi 501 za amfibia duniani zilizopungua kwa sababu ya ugonjwa huu, 90 kati yake zikidhaniwa zimekwisha.

Wale wa Bronx, pamoja na wengine waliolelewa kwenye bustani ya wanyama ya Toledo, walizaana. Mwaka 2010 mia moja walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kurejeshwa korongoni. Haijawa kazi rahisi, kwa sababu kuvu hakufukuzwa.

*

Neno moja kwa uyoga, isije ikaonekana ukoo mzima ni wa wahuni. Ule unaoibuka kwenye kichuguu mvua zikianza ni zao la shamba: mchwa huulima ndani, wakiulisha majani na miti waliyoitafuna, na wamekuwa wakifanya hivyo Afrika kwa miaka milioni 30 hivi. Bondeni, majani makavu ya mpunga yanayochomwa baada ya mavuno yanafaa sana kuoteshea uyoga wa mamama. Moshi wa Dakawa kila msimu ni kitoweo kinachopotea hewani.

*

Barabara inayopita Dakawa kwenda Dodoma hupita Kibaigwa, kwenye soko kubwa la mahindi. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua na 20 wakafa kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Anayeitengeneza ni *Aspergillus flavus*, mkazi wa kawaida wa udongo, anayerukia punje zikianikwa chini au zikihifadhiwa mbichi. Kupika hakuivunji sumu hiyo. Kinga mojawapo ni ya kumtuma ndugu yake: mwaka 2018 Tanzania ilisajili Aflasafe TZ01, punje za mtama zilizopakwa rangi ya buluu na kuvu wa aina hiyohiyo wasio na sumu, ambazo hutawanywa shambani kabla mahindi hayajachanua ili wawahi nafasi.

Kinga nyingine inauzwa dukani kwa bei ya chumvi. Alhamisi, kando ya barabara, mama mmoja alikuwa ameanika mahindi yake ya mwanzo kwenye turubai. Bwana shamba kijana akashuka kwenye pikipiki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Yamekauka haya, nimeng'ata punje, inalia."

Kijana akaomba chupa kavu. Akatia mahindi, akaongeza vijiko viwili vya chumvi iliyokaushwa juani, akatikisa mpaka mkono ukachoka, kisha akaiweka chini na wakazungumza habari za nyumbani kwa robo saa. Chumvi ikishuka yote, unyevu uko chini ya asilimia 15 na safari ya kufikia 13.5 ya ghalani inakaribia. Ikigoma, bado.

Alipoinua chupa, kioo kilikuwa cheupe pande zote. Mama akaishika, akaigeuza juani, akaigongagonga kwa ukucha. Chumvi haikudondoka. Akachukua reki yake ya mti, akaanza kuyageuza mahindi kutoka upande wa barabarani.

"Mwambie huyo mnunuzi mwenye Fuso," alisema bila kuinua kichwa, "aje Jumanne."