Klima ya miaka mitatu haijazeeka

Ninyi wa hapa Kalemie na ninyi mliokimbia vita mkaacha mashamba yenu, kuna neno moja limetuchosha masikio. Kila mara mashine ya baridi inapozimika katika jengo la watu wote, iwe depo ya dawa, maabara ao chumba cha mitambo ya redio, mkubwa mmoja anasimama na kusema: "Klima imezeeka, tunatafuta mfadhili atuletee nyingine." Watu wanaitika kwa kichwa, mkutano unaisha.

Imezeeka kwa miaka mingapi? Hapo hakuna anayejibu.

Basi tujibu sisi. Ninaongelea zile klima za vipande viwili, ndugu zetu wa Tanzania wanaziita viyoyozi: kipande kimoja kinaninginia ukutani ndani ya chumba, kingine kiko nje kinapiga kelele, na katikati yao kuna tiyo mbili za shaba. Mashine ya namna hiyo, ikifungwa vizuri na kutunzwa, inaishi miaka 10 hadi 15. Kuna zinazofika 20. Ikikufa kwa miaka mitatu haikuzeeka, imeuliwa. Na kitu kikiuliwa, watu wanauliza nani ameua.

Wengine wanajitetea kwa hali ya hewa. Wanasema hapa ni joto na unyevu, ziwa liko karibu, chuma hakidumu. Mombasa na Dar es Salaam wana haki ya kusema hivyo, maana upepo wa bahari una chumvi na chumvi inakula mabati membamba ya ile mashine ya nje. Lakini Tanganyika ni ziwa la maji baridi, tunayanywa. Chumvi iko wapi? Joto ni kweli, vumbi la kiangazi ni kweli, lakini mashine hii ilitengenezwa kwa ajili ya joto. Na huku sisi tunaitumia kwa baridi tu. Ndugu zetu waliopelekwa Canada na Marekani wanatumia klima za aina hii kupasha nyumba wakati wa theluji na kuipoza wakati wa jua, mwaka mzima haipumziki. Ya kwetu ina kazi nusu, na inakufa mbele ya ya kwao.

Muuaji wa kwanza ni kuran. Kila mtu hapa anajua taa inavyokuwa nyekundu kama jicho la mlevi saa za jioni. Taa inavumilia, kompresa haivumilii. Umeme ukishuka, mota yake inavuta kuran nyingi zaidi ili ifanye kazi ileile, waya za ndani zinapata moto, na siku moja zinaungua. Kisha kuna kukatika na kurudi. Umeme ukikatika na kurudi baada ya sekunde chache, kompresa inataka kuanza wakati presha ya gazi bado iko juu upande mmoja, ni kama kumlazimisha mtu kuinua gunia la mihogo akiwa bado anahema. Ndiyo sababu lazima ingoje dakika tatu hivi kabla ya kuwaka tena. Na klima za kisasa zina kadi ya elektroniki ambayo pigo moja tu la umeme mkali linaiua.

Dawa yake inajulikana: stabilizateri yenye nguvu ya kutosha, inayokata umeme ukishuka ao ukipanda sana, na inayongoja kabla ya kuurudisha. Bei yake ni ndogo kuliko ya klima. Sasa nendeni muangalie majengo yaliyopewa klima kwa zawadi. Stika ya mfadhili iko, kubwa, rangi zote. Stabilizateri iko wapi? Kwenye karatasi ya mradi haikuandikwa, ao iliandikwa na haikufika.

Muuaji wa pili ananikasirisha zaidi, kwa sababu ana mikono na anakuja kulipwa. Ni yule fundi wa "kuongeza gazi". Sikilizeni vizuri: gazi ya klima si makala ya mbabula. Haiungui ikaisha. Inazunguka ndani ya tiyo zilizofungwa, leo, kesho, miaka kumi, ileile. Ikipungua, maana yake kuna mahali inavuja, mara nyingi pale tiyo za shaba zinapofungwa kwa burungi. Fundi wa kweli anapaka maji ya sabuni, anatafuta povu, anaziba tundu, ndipo anajaza. Yule mwingine anafungua chupa yake, psss, anachukua dola zake, anarudi baada ya miezi mitatu. Katikati ya safari zake mashine inafanya kazi na gazi kidogo. Ile gazi inayorudi ndiyo inayopoza kompresa. Ikiwa kidogo, kompresa inajipika yenyewe. Mkiona barafu kwenye tiyo ao ndani ya kile kipande cha ukutani, msishangilie kwamba baridi ni nyingi. Ni mgonjwa anayeomba msaada.

Na siku ya kufunga mashine mpya, muulizeni fundi pompu yake ya kuvuta hewa iko wapi. Kabla ya kufungulia gazi, hewa yote na unyevu wote vinatakiwa kutolewa ndani ya zile tiyo. Unyevu ukibaki unachanganyika na mafuta ya kompresa, unazaa asidi inayokula waya polepole. Fundi asiye na pompu anasukuma hewa kwa kupuliza gazi kidogo na kusema "iko sawa". Siku hiyo kweli iko sawa. Mashine itakufa baadaye, na yeye hatakuwepo.

Kuna pia suala la aina ya gazi, imeandikwa kwenye kibandiko cha mashine ya nje. R22 ni ya zamani, inaharibu ozoni, na nchi kama zetu zinatakiwa kuiacha ifikapo 2030. R410A na R32 ndizo za sasa, na presha yake ni kubwa zaidi. Huwezi kuweka moja mahali pa nyingine kama unavyochanganya mafuta ya mawese na ya ngazi. Anayewaletea klima ya okazio yenye R22 kwa bei nzuri anawaachia mzigo ambao yeye ameshautua.

Uchafu nitaupitia haraka kwa sababu hauna siri. Zile chujio za plastiki za ndani zioshwe kwa maji kila wiki mbili wakati wa vumbi. Robo saa inatosha, na sentineli anaweza. Mashine ya nje isifungiwe ndani ya kizimba cha chuma kilichobanwa na ukuta kwa kuogopa wezi. Kizimba kiwepo, lakini hewa ipite. Na rimoti isiwekwe 16 kama vile tunagandisha samaki. 24 ao 25 inatosha kwa depo, na mashine inapata kupumua.

Sasa nasikia mama aliye kwenye saiti ananiuliza: mwandishi, mimi ninalala chini ya bashe inayovuja, klima yako inanihusu nini?

Inakuhusu kuliko mkurugenzi anayepozwa nayo. Dawa nyingi za malaria zimeandikwa kwenye boksi zihifadhiwe chini ya nyuzi 30. Depo yenye bati bila dari, saa nane mchana, inapita hapo bila shida. Dawa iliyoharibiwa na joto haibadiliki rangi kila mara. Unampa mtoto, homa inabaki, wanakuambia malaria yake ni kali. Hakuna anayekuambia kwamba klima ya depo ilizimika na mtu mmoja akaona ni jambo la kungojea mfadhili. (Chanjo na ile sindano ya oksitosini ya kuzuia damu baada ya kuzaa ni habari nyingine: hizo zinataka friji, nyuzi 2 hadi 8. Klima haichukui nafasi ya friji, na asiwadanganye mtu.)

Na redio. Mtambo wa kurusha sauti unazaa joto lake wenyewe. Chumba kikipata moto, ama unajizima ama fundi anapunguza nguvu, na wale walio mbali ndio wanaopotea kwanza. Wale walio mbali ni nani kama si ninyi? Tangazo la mtoto aliyepotea njiani, siku ya ugawaji wa chakula, barabara isiyopitika, vyote hivyo vinapita kwenye chumba ambacho usalama wake unategemea mashine moja ukutani.

Kwa nini basi hakuna anayeitunza? Simlaumu muuguzi anayefanya kazi miezi bila prime. Ninawalaumu wa ngazi mbili. Wafadhili wanapenda kununua na hawapendi kutunza, kwa sababu stabilizateri haipigwi picha na mshahara wa fundi hauna stika. Siku ya kukabidhi kuna hotuba na vinywaji. Mwaka wa pili hakuna hata dola ya kuosha mashine. Na baadhi ya wakubwa wetu wanapenda kununua kuliko wafadhili, maana kwenye kununua ndimo ilimo ile opération retour mnayoijua wote. Chujio safi haimpi mtu asilimia. Klima iliyokufa inampa.

Watu wa miradi watanijibu kwamba fedha za matunzo haziingii kwenye bajeti ya dharura. Nawauliza: ni dharura gani inayonunua mashine ya miaka 15 na kuipangia miezi sita? Kama hakuna fedha ya kuitunza, leteni dari, leteni madirisha ya juu ya kutoa hewa moto, pandeni miti mbele ya ukuta wa magharibi. Vitu hivyo havihitaji kuran wala gazi, na depo nyingi zingeshuka nyuzi kadhaa kabla hata ya kufikiria klima. Na kama mnaleta klima, leteni pamoja nayo stabilizateri, na mkataba wa fundi mwenye pompu na manometa, angalau kwa miaka mitano.

Kwa wajumbe wa CODESA, kazi yenu ya kwanza haigharimu kitu. Chukueni rangi, andikeni kwenye kila mashine ya nje tarehe iliyofungwa na jina la aliyeifunga. Wekeni daftari ukutani: siku ya kuosha, siku fundi alipokuja, aliziba nini, alijaza gazi kiasi gani. Fundi atakayekataa kuandika jina lake, asiguse burungi.

Na mkutano ujao, mkubwa akisimama na kusema klima imezeeka, muulizeni daftari. Kama halipo, hoja ya kununua nyingine isipigiwe kura siku hiyo.