Kabla ya tamasha, lipeni zamu wa kituo

Mfadhili akifika Goma, Bukavu, Kisangani ao Lubumbashi na akakutana na vijana wa teatre, muziki ao dansi, swali lake la kwanza mara nyingi ni hili: «Mutafanya tamasha gani, na watu wangapi watakuja?» Swali ambalo halitoki ni lingine: nani atamlipa zamu wa mlango mwezi unaofuata, tamasha likiisha na bendera zikishushwa?

Vituo vyetu vya sanaa havifi kwa kukosa wasanii. Huku Mashariki mwa Kongo wasanii ni wengi kuliko viti vya kukalia. Vituo vinakufa kwa kukosa vitu vidogo ambavyo hakuna anayevipiga picha: kodi ya nyumba, mafuta ya jenereta, kufuli, karatasi ya kiwanja, mtu wa kufagia. Na vinakufa kwa sababu wafadhili, serikali na sisi watazamaji tunapenda kulipia siku moja kubwa kuliko siku mia mbili ndogo.

Kumbe siku ndogo ndizo kituo chenyewe. Jumanne saa tisa watoto kumi na wawili wanajifunza kupiga ngoma. Jumatano kikundi cha maigizo kinarudia kipande kilekile kwa mara ya ishirini, na mara hii ndiyo kinaanza kuchekesha. Saa kumi na moja kila kitu sherti kiwe kimeisha, maana msichana akifika nyumbani giza limeingia, baba yake hatamruhusu kurudi, na kwa usalama wa miji yetu leo baba huyo hana kosa. Kituo kisichojua saa ya kufunga kinapoteza wasichana wake wote ndani ya mwezi mmoja, kisha wasimamizi wanasema eti wasichana hawapendi teatre.

Tupige hesabu ya mfano, kwa franka zetu. Tuseme ukumbi uko na viti 80 vya plastiki, kiingilio ni 2.000 franka, onyesho ni moja kwa juma. Siku ya kawaida watakuja watu 50. Hiyo ni 100.000 kwa juma, 400.000 kwa mwezi, kama mvua haikunyesha. (Mvua ikipiga juu ya mabati, mchezo umekwisha, hata mwenye sauti kubwa hasikiki.) Sasa toa kodi ya nyumba, tuseme 450.000. Tayari uko na deni, na zamu bado hajala, jenereta haijakunywa, bafle lililoungua halijatengenezwa, wachezaji wenyewe hawajapata hata pesa ya motari. Hata viti vyote 80 vikijaa kila juma, mwezi unaleta 640.000, ukilipa nyumba unabaki na 190.000 kwa mambo mengine yote. Ndiyo maana ukimuona msimamizi wa kituo na uso wa mtu asiyelala, usifikiri ni mambo ya usanii.

Kwa hiyo msimamizi anatafuta mlango mwingine. Mara nyingi anayebisha hodi kwanza ni kanisa. Kanisa linalipa vizuri na kwa wakati. Linaanza kwa kuomba Jumapili asubuhi tu, kisha Jumatano jioni kwa maombi, kisha linaleta mimbari ambayo hakuna anayeweza kuisogeza. Tunajua wote ni kumbi ngapi za zamani za sinema katika miji yetu zilipita njia hiyo. Sisemi kanisa ni baya. Nasema mkataba uandike siku na saa, na mimbari ibebwe ibada ikiisha.

Mlango mwingine ni ONG, na huu ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Wakati wa Ebola katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, kati ya 2018 na 2020, maigizo yalitumiwa pia kuelimisha wakaaji, na kazi ile ilikuwa na maana. Lakini kikundi kikiletewa ujumbe tayari mwaka baada ya mwaka, leo kipindupindu, kesho amani, keshokutwa uchaguzi, kinasahau namna ya kujiuliza chenyewe: sisi tunataka kusema nini kwa watu wa mtaa wetu? Na mtazamaji aliyezoea kupewa pesa ya usafiri ili aje kutazama, utamwambia nini siku unapomuomba 2.000? Atakuangalia kama mtu anayetaka kumuibia.

Kisha ikaja Januari 2025. Marekani ilisimamisha misaada yake, na mwezi uleule M23 iliingia Goma, benki zikafunga milango. Kituo chochote kilichokuwa kinaishi kwa mradi mmoja wa kigeni kilijikuta hakina mradi, na hata akiba yake, kama ilikuwako, haikutoka benki. Huwezi kumlaumu msimamizi kwa vita. Lakini jambo moja linaonekana wazi: kituo chenye wazazi mia wanaotoa kidogo kila mwezi kinayumba, kile chenye mfadhili mmoja kinaanguka.

Tuko na mifano ya kujifunza, na haiko mbali. Lubumbashi kuna kikundi cha Mufwankolo, kilichopendwa kwa miaka mingi hadi kwenye televisheni kwa maigizo yake katika Kiswahili cha Lubumbashi chenyewe, si kile cha vitabu. Mwaka 1986 mtafiti Johannes Fabian alikifuata kikitengeneza mchezo juu ya msemo unaosema mamlaka huliwa mazima, na mwaka 1990 akatoa kitabu. Sehemu kubwa ya kitabu hicho inaeleza mazoezi: watu wameketi, wanabishana maana ya msemo, wanajaribu, wanabadilisha, bila karatasi ya maneno mkononi. Kazi ya namna hiyo haifanyiki barabarani. Inahitaji mahali na inahitaji muda.

Katika mji huohuo wa Lubumbashi, jengo zuri la teatre lililojengwa miaka ya 1950 linaitwa leo Bâtiment du 30 juin, na ndani yake wanakaa wabunge wa jimbo. Wapo watakaosema kwamba maigizo hayakukoma humo. Mimi nasema tu kwamba hata jengo la mawe, lililokusudiwa kwa ajili ya jukwaa, halibaki jukwaa kama hakuna anayelilinda kwa karatasi.

Kisangani, mchezadansi Faustin Linyekula alianzisha Studios Kabako mwaka 2001 akiwa Kinshasa, kisha akaipeleka kazi hiyo kwenye mji wa Tshopo. Angeweza kubaki Ulaya, ambako kumbi kubwa zinamualika. Ninachopenda zaidi ni kwamba kazi yao ilivuka mto hadi Lubunga, komini ambayo wengi huisahau, na huko hawakuzungumza dansi peke yake, hata suala la maji ya kunywa liliingia. Mkaaji akiona kituo kinajali kiu yake, ataelewa pia kwa nini kinahitaji jukwaa.

Sasa neno gumu kwa wasanii wenyewe. Vituo vingi ni mali ya mtu mmoja, hata kama karatasi zinasema ni asbl. Ufunguo uko mfukoni mwake, namba ya siri ya barua pepe iko kichwani mwake, mfadhili anajua jina lake tu. Siku akipata viza na asirudi (na ni nani atamshangaa?), kituo kimefungwa. Jambo la kuanza nalo halihitaji dola hata moja: funguo tatu kwa watu watatu, mmoja wao mama mzazi kutoka mtaa, na hesabu ya mwezi ibandikwe mlangoni, iliyoingia na iliyotoka. Vijana wanajitolea kwa miezi mingi bila mshahara. Wanachokataa ni kufichwa.

Kuhusu serikali, tulifurahi wote Desemba 2021 UNESCO ilipoiweka rumba kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Lakini mtoto anayetaka kujifunza gitaa katika mtaa wake anapata wapi chumba? Nchi iko na Fonds de promotion culturelle tangu miaka ya 1980, iko na SOCODA kwa haki za watunzi. Huku kwetu msimamizi wa kituo kidogo anajua zaidi wale wanaokuja na karatasi ya ushuru, leo ofisi hii, kesho ile. Hatuombi serikali ijenge majumba ya sanaa. Tunaomba ushuru wa mwaka uwe mmoja, wenye risiti moja.

Wapo wanaouliza, kwa haki, kama huu ni wakati wa kuzungumza maigizo, watu wakiwa wamehama makwao na chakula kikiwa cha kubahatisha. Nawajibu kwa kuangalia nani yuko kwenye mazoezi ya Jumanne: wavulana wa miaka kumi na tano, kumi na saba, wasio na shule mchana huo wala kazi. Saa hizo hizo kuna watu wengine katika mji wanaowatafuta vijana wa umri huo, na hao hawatafuti wapiga ngoma.

Miji yetu iko na kumbi za shule, za parokia, za komini, ambazo siku nyingi za juma hazina mtu ndani, na zamu wake tayari analipwa. Mkataba wa miaka mitano wa mchana nne kwa juma, wenye sahihi ya mwenye ukumbi na ya kiongozi wa komini, ungeondoa ile 450.000 kwenye hesabu yetu ya juu. Inabaki mafuta ya jenereta, na viti 50 vya watazamaji wanaolipa.