Maji ndiyo dawa ya kwanza ya aliyeungua

UKIINGIA katika chumba cha kupanga mtaani Laini Saba, Kibera, aghalabu utakuta jamaa nzima ikiishi ndani ya kuta za mabati au udongo zisizozidi hatua nne kwa nne. Kitanda kiko nyuma, shiti imetundikwa kukigawanya chumba, na mbele ya shiti hiyo jiko liko sakafuni, uji ukitokota. Mtoto anayejifunza kutambaa hana pengine pa kwenda ila kuelekea hapo. Hali ni hiyo hiyo Kawangware na mitaa mingine mingi ya Nairobi.

Kwa hivyo, msomaji, usistaajabu nikikuambia kwamba watoto wengi tunaowatibu kwa kuungua hawakuchomwa na mioto mikubwa inayotangazwa redioni. Mioto hiyo ipo na imetutoa machozi. Mnamo Septemba 12, 2011 mafuta yaliyovuja kutoka bombani yaliwaka mtaani Sinai, karibu na Eneo la Viwanda, na watu zaidi ya 100 wakafa. Usiku wa Februari 1, 2024 gesi ililipuka mtaani Mradi, Embakasi, zaidi ya watu 200 wakajeruhiwa. Lakini mtoto wa chini ya miaka mitano huunguzwa na chai, uji, maharagwe yaliyo jikoni au maji ya kuoga.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 180,000 hufa kila mwaka kutokana na kuungua, wengi wao katika nchi zenye mapato ya chini na ya kadiri kama yetu. Wanaopona ni wengi zaidi, na baadhi yao hubaki na makovu yanayokunja vidole hata mtoto akashindwa kushika kalamu.

Maoni yangu ni haya: kila nyumba iwe na mtungi mmoja wa lita 20 za maji safi uliowekwa kando kwa ajili ya ajali ya moto. Usichotwe wakati wa kufua wala kuosha vyombo. Baada ya siku chache yapikie maji hayo, lakini jaza mengine kwanza.

Nyama ya mwili iliyoungua ni kama sufuria ya githeri iliyoepuliwa. Moto umeondolewa, lakini ndani bado yatokota. Joto lililobaki huendelea kuichoma ngozi kwenda chini, na kidonda kilichokuwa chepesi huwa kirefu. Maji ya baridi hulitoa joto hilo. Yamimine juu ya jeraha kwa dakika 20. Hata ukiyapata baada ya saa moja au mbili, yatumie. Bado yana faida hadi saa tatu baada ya ajali.

Jirani atakuja mbio na dawa ya meno. Mwingine ataleta unga, yai, chumvi au mafuta ya kupikia. Siwalaumu. Dawa ya meno iko rafuni tayari, ilhali maji hununuliwa kwa mtungi, na siku mifereji ikikauka bei hupanda. Tena dawa hiyo huleta ubaridi kidogo, mgonjwa akadhani amepona. Ukweli ni kwamba hufungia joto ndani, huficha ukubwa wa jeraha na huweza kuleta uchafu kidondani. Tukimpokea mgonjwa hospitalini hatuna budi kuisugua yote itoke, naye analia upya.

Utauliza: nani ana maji ya kumwaga dakika 20? Hebu tupige hesabu. Ukimimina polepole kwa kikombe, lita moja kila dakika, mtungi mmoja unatosha. Weka beseni safi chini uyakinge, na yakikwisha kabla ya wakati, yachote humo uyamimine tena.

Yafuate haya kwa utaratibu. Nguo zikishika moto, usikimbie. Lala chini ujiviringishe, au umfunike anayeungua kwa blanketi zito. Ikiwa ni stima, zima umeme kabla ya kumgusa. Vua nguo zilizolowa maji ya moto, ila iliyoganda kwenye ngozi iache. Toa pete na bangili mapema, kabla mwili haujavimba. Kisha mimina maji. Usitumie barafu. Funika sehemu nyingine za mwili zisipate baridi, na mtoto akianza kutetemeka, acha kumimina umpashe joto. Usipasue malengelenge. Funika jeraha kwa kitambaa au leso iliyofuliwa, bila kukaza, kisha uende kwa daktari.

Usikae nyumbani ikiwa jeraha linapita ukubwa wa kiganja cha mgonjwa mwenyewe, au liko usoni, mikononi, miguuni, kwenye viungo au sehemu za siri. Nenda pia ikiwa ni mtoto mdogo, ikiwa mtu amevuta moshi au kushikwa na stima, au ikiwa ngozi imegeuka nyeupe au nyeusi na haiumi. Kutoumia si dalili njema. Huenda mishipa ya fahamu imeungua. Uliza pia kuhusu sindano ya pepopunda. Kwa mkazi wa Laini Saba, Hospitali ya Mbagathi haiko mbali, na majeraha mabaya hupelekwa Hospitali Kuu ya Kenyatta.

Hata hivyo, tahadhari kabla ya hatari. Inua jiko kutoka sakafuni, au lizungushie matofali mtoto asifikie. Mikono ya sufuria ielekee ukutani. Usibebe mtoto na chai kwa wakati mmoja. Unapotayarisha maji ya kuoga, tia ya baridi kwanza, ya moto baadaye. Usiongeze mafuta taa kwenye stovu inayowaka, wala usiyamwagie makaa yakikataa kushika. Koroboi na mshumaa viwe mbali na shiti na pazia, navyo vizimwe kabla ya kulala. Ukinusa gesi, usiwashe kiberiti wala usiguse swichi. Funga mtungi, fungua mlango, utoke nje na watoto.

Mzigo huu usiachiwe akina mama pekee. Vichochoro vingi vya Kibera havipitishi gari la zimamoto, kwa hivyo serikali ya kaunti yafaa iweke mifereji ya maji ya dharura ndani ya mitaa yenyewe. Mwenye nyumba anayepokea kodi ya vyumba 10 au 20 hawezi kushindwa kuweka tangi moja la maji uani na kuhakikisha nyaya za stima hazining'inii ovyo juu ya mabati.

Hayo tutaendelea kuyadai. Lakini usiyangoje. Jioni hii, kabla ya kuwasha jiko, jaza mtungi mmoja, uuweke karibu na mlango, na umweleze kila mtu nyumbani, pamoja na kijana anayewachunga wadogo wake, kazi yake ni ipi.