Uzuri wa Ngozi Hauuzwi kwa Kikopo

MWANAFUNZI mmoja wa kidato cha tatu, ambaye wazazi wake wanaishi Nairobi, ameniuliza swali linalowasumbua wengi. Kila likizo hupelekwa kwa nyanya yake Bofa, Kilifi, na kila akirudi shuleni wenzake humcheka kwamba amekuwa mweusi. Safari hii mmoja wao amempa kikopo cha krimu kisicho na maandishi yoyote, akamwahidi kwamba rangi yake itarudi kwa wiki moja. Je, aitumie, au kuna vitu vya asili vya kumfaa?

Binti yangu, kikopo hicho usikiguse. Krimu zinazong'arisha ngozi kwa haraka mara nyingi huwa na zebaki, haidrokwinoni au dawa za steroidi. Zebaki hupenya ngozini ikaharibu figo na mishipa ya fahamu. Haidrokwinoni ikitumiwa kwa muda mrefu yaweza kuleta mabaka ya rangi ya samawati na nyeusi yasiyotoka. Steroidi huifanya ngozi iwe nyembamba na kuleta michirizi. Si bure kwamba Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni mwaka 1998.

Tena, huo weusi si ugonjwa. Bofa iko digrii zisizofika 4 kusini mwa ikweta, na mchanga wake mweupe hurudisha mwanga wa jua usoni kana kwamba umeshika kioo. Ngozi hujikinga kwa kuongeza rangi. Ukikaa mbali na jua kali kwa wiki kadhaa, rangi hiyo hupungua yenyewe, wala haihitaji kuchubuliwa.

Sasa tuje kwa vitu vya nyumbani. Utaratibu wa kila siku hauna makuu.

ASUBUHI: Osha uso kwa maji na sabuni isiyo kali, mara moja tu. Maji ya visima vya pwani mara nyingi yana chumvichumvi, na sabuni haitoi povu vizuri. Ukitoka baharini au kisimani, jisuuze kwa kata moja ya maji matamu. Jikaushe kwa kugusagusa taulo, si kusugua, kisha upake mafuta kidogo ngozi ikiwa bado na unyevu.

Mafuta ya nazi wajua mwenyewe yanavyopatikana. Kuna nazi kwa mbuzi, kamua tui zito, liache litulie usiku kucha, kisha uchukue ule utando wa juu na kuupika kwa moto mdogo mpaka mafuta yajitenge. Chuja kwa kitambaa safi na utie katika chupa kavu. Ukifika nayo Nairobi wakati wa baridi utaona yameganda. Usiyatupe, mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya digrii 24 hivi, na yakipashwa mikononi huyeyuka. Mwili na miguu huyapenda sana. Lakini mwenye chunusi asiyapake usoni, kwa kuwa huziba vinyweleo. Huyo atumie utomvu mweupe wa mshubiri, baada ya kuachia ule wa manjano uchuruzike wote, maana huo huwasha.

MCHANA: Kati ya saa nne na saa kumi tafuta kivuli, leso au kofia pana ya ukili. Mafuta ya nazi hayazuii jua, hata ukijimwagia chupa nzima. Walio na ualbino ni lazima wapate krimu maalumu ya kukinga jua na nguo za mikono mirefu. Kwao jua linaweza kuleta saratani.

JIONI: Osha vumbi na jasho, kisha paka mafuta tena. Mara moja kwa wiki waweza kupaka liwa. Akina mama wa Uswahilini husugua kipande cha msandali juu ya jiwe la msio kwa maji kidogo au marashi ya waridi, wakapata uji mwororo. Ngazija wanawake huupaka na kutoka nao njiani mchana. Wewe upake kiasi, uache dakika 15, uoshe. Utumie kwa uangalifu, kwani msandali wa Afrika Mashariki umekatwa ovyo hata ukawekwa chini ya ulinzi wa mkataba wa CITES mwaka 2013.

Lakini kitu kuwa cha asili hakukifanyi kuwa salama. Ndimu usoni ukatoka juani itakuunguza na kuacha madoa meusi. Manjano hutia rangi tu, hayatibu. Singo ya bibi harusi nayo ni ya siku zake. Ukijisugua nayo kila asubuhi utaitoa ngozi kinga yake. Kila kitu kipya kijaribu kwanza ndani ya kiwiko, ungoje siku nzima.

Na kama kuna msomaji ambaye tayari amekwisha kutumia hizo krimu, asione haya. Mficha maradhi kifo humuumbua. Aende hospitali na kikopo chake mkononi, kwa maana aliyezoea steroidi akiacha ghafla uso waweza kuvimba na kuwaka kama moto, na daktari atajua namna ya kumwachisha.

Wazazi nao wana neno lao hapa. Mtoto anayechekwa nyumbani kwa rangi yake ndiye atakayenunua kikopo shuleni. Msifieni mapema kabla mwenye kuuza hajamfikia.

Ngozi huchukua wiki nne hivi kujifanya upya. Basi mpe muda huo maji, mafuta kidogo na kivuli, halafu ndipo ujitazame kiooni.