Tusiing'oe Sakafu ya Mbao



Siku hizi, halmashauri ya parokia ikipata fedha kidogo, neno la kwanza ni vigae. Katika parokia moja ya jimbo letu la Butembo-Beni limetolewa shauri la kung'oa sakafu ya mbao katika nyumba ya kale ya mapadre na kutandika vigae mahali pake. Yasemwa kwamba mbao zimekuwa nyeusi, tena zinalia zikikanyagwa. Mimi sikubaliani na shauri hilo.

Weusi ule ni nta na uchafu wa viatu vya miaka mingi, nao unakaa juu tu. Ukiparuzwa kidogo, rangi ya ubao hutokea tena. Kazi hiyo maseremala wetu wanaiweza. Kwanza misumari yote huzamishwa chini ya uso wa ubao, la sivyo itachana msasa. Ubao unaolia hufungwa upya juu ya boriti yake. Kisha hupitishwa msasa wa chembe kubwa, namba 40, kwa kufuata nyuzi za ubao. Halafu 80, mwishowe 120. Anayeruka namba ataiona mikwaruzo yake siku ya kupaka vanishi. Nyufa hujazwa unga wa mbao zile zile uliochanganywa na gundi. Vanishi hupakwa mara mbili au tatu, kila tabaka likisubiriwa likauke. Baada ya hapo ndoo ya maji isimwagwe tena. Kitambaa chenye unyevu chatosha. (Tuseme kweli: maji yetu ya kila Jumamosi yamezichosha mbao hizo kuliko umri wake.)

Zilizoliwa na mchwa zibadilishwe, hizo tu.

Linalonigusa zaidi ni msitu. Mbao ngumu zinazopita Butembo kuelekea Kasindi na Uganda hutoka Ituri na pande za Beni, ambako tangu 2014 wakulima wanauawa mashambani mwao. Je, ubao uliokwisha kukatwa katika msitu ule tuufanye kuni? Mwaka 2015, katika Laudato Si', Papa Fransisko alikemea utamaduni wa kutupa vitu, nasi twautaja waraka huo mara nyingi katika mafundisho.

Naomba jambo dogo. Kabla halmashauri haijaamua, seremala mmoja aitwe, aparuze mbao mbili nyuma ya mlango, na wajumbe wote waje wazitazame.