Trekta la kuvuta ndege lisilo na kitabu ni chuma chakavu

Biashara ya mitambo mikuukuu katika mitaa ya Gerezani na Shaurimoyo ina ugonjwa mmoja ambao wenye maduka wanaujua, ila hawapendi kuusema hadharani. Mtambo hununuliwa mnadani kwa bei ya mtambo, ukakaa uani miezi kadhaa, kisha ukauzwa kwa kilo. Hasara inayobaki hapo katikati ndiyo tunayotaka kuijadili wiki hii, na tutaijadili kwa kutumia bidhaa ambayo haiji sokoni kila siku lakini ikija huwavuta wengi: trekta la kuvuta ndege, hasa lililokwisha kutumika jeshini.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuliona kwa karibu, hili ni gari fupi, pana, na zito kuliko umbo lake linavyoonyesha. Watengenezaji huliongezea vyuma kwa makusudi, kwa kuwa nguvu ya kuvuta haitokani na injini peke yake bali pia na uzito unaokandamiza matairi chini. Trekta la tani 10 linalosukumwa na magurudumu yote manne, likiwa juu ya saruji kavu, linaweza kuvuta kwa nguvu ya karibu tani saba kabla matairi hayajaanza kuteleza. Mnunuzi anapolizunguka uwanjani anaona chuma kingi, injini kubwa, matairi mapana, na mwili usiochakaa sana, maana mtambo wa aina hii huishi maisha yake yote ndani ya kilomita chache. Papo hapo anaanza kupiga hesabu ya kuvutia matrela ya makontena katika yadi za Kurasini, au kulikodisha kiwandani.

Hesabu hiyo si ya kijinga. Kasoro yake ni kwamba imekiacha kitabu nje.

Rai yetu ni kwamba mtambo wa jeshi usio na kitabu cha ufundi wala kitabu cha spea uhesabiwe kuwa chuma chakavu mpaka mnunuzi athibitishe vinginevyo, na dau lake mnadani liwe la chuma chakavu. Tuchukue, kwa mfano tu, kwamba kilo moja ni shilingi 700. Trekta la tani nane ni shilingi milioni 5.6, kabla hujatoa gharama ya gesi ya kukatia na lobedi ya kulibeba. Lobedi haikwepeki, kwani trekta hili halikutengenezwa kwa barabara kuu na mwendo wake ni wa taratibu. Anayeongeza milioni tatu juu ya hapo anunue kitu kwa hizo milioni tatu: ama kitabu, ama uhakika wa aina ya injini na giaboksi. Akiongeza kwa sababu rangi imemvutia, basi amecheza kamari.

Watatokea wa kusema kwamba mafundi wetu hawahitaji vitabu. Kwa upande wa injini tunakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Watengenezaji wengi wa matrekta haya hawakutengeneza injini zao wenyewe. Walinunua kwa Perkins, Ford, Cummins, Deutz na wengineo, na fundi wa Gerezani aliyekwisha kufungua Perkins mia moja hatishwi na ya mia na moja kwa kuwa imepakwa rangi ya kijani. Gasketi, pistoni na nozeli zitapatikana, kama si leo basi kesho kwa mtu anayeleta kutoka Dubai.

Kazi huharibikia nyuma ya injini. Giaboksi ya otomatiki inayoendeshwa kwa shinikizo la mafuta haisikilizwi kwa sikio. Ina vipimo vya shinikizo kwa kila gia, ina nafasi maalumu kati ya sahani za klachi, na ina aina yake ya oili. Ukiweka oili isiyostahili, trekta litavuta vizuri asubuhi likiwa la baridi, na kufika saa nane mchana litakuwa linanguruma bila kusogea. Fundi atafungua, ataona sahani zimeungua, ataweka mpya, na baada ya wiki mbili zitaungua tena. Gharama hii hakuna aliyeiandika katika hesabu yake ya mnadani.

Umeme nao una mambo yake. Magari mengi ya kijeshi ya Marekani na washirika wake, tangu miaka ya 1950, yanatumia volti 24. Tena nyaya za Wamarekani mara nyingi zote ni nyeusi, na kinachozitofautisha ni namba zilizopigwa kwenye vibati vidogo vilivyofungwa kila mwisho wa waya. Fundi umeme aliyezoea kufuata rangi ya waya, akikuta vibati vimeshang'oka na hana mchoro, hana pa kuanzia.

Halafu kuna bolti. Mtambo wa Mwingereza wa zamani una nyuzi za Whitworth, wa Mmarekani una nyuzi zake, na duka la jirani linauza za milimita. Bolti ya nusu inchi ya Whitworth ina nyuzi 12 kwa kila inchi. Ile ya Mmarekani ya kawaida ina 13. Kwa macho zinafanana kama pacha. Ukiilazimisha moja kwenye tundu la nyingine itaingia mizunguko miwili mitatu, itashika kama vile imekaa, kisha itakwangua nyuzi zote za bodi. Kitabu kingesema tangu mwanzo ni nyuzi zipi. Bila kitabu, unalipa mtu wa mashine ya kukereza.

Nchi hii imekwisha kulilipia somo hili kwa fedha nyingi za watu wengine. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango wake mkubwa wa karanga Tanganyika, kuanzia Kongwa. Matrekta mapya hayakupatikana duniani baada ya vita, kwa hiyo wanunuzi wa mpango wakaenda hadi Ufilipino kununua mabaki ya jeshi la Marekani, na mitambo hiyo ikashushwa hapa bandarini Dar es Salaam. Baadaye kampuni ya Vickers-Armstrongs ikageuza hata vifaru vya Sherman kuwa matrekta, yakaitwa Shervick. Kabla mwaka wa kwanza haujaisha, kiasi cha theluthi mbili ya matrekta yaliyoletwa yalikuwa hayafanyi kazi. Ardhi ilikuwa ngumu na mvua haikutabirika, hilo ni kweli. Lakini kulikuwa pia na mitambo ya mitumba isiyo na spea za kutosha, karakana ambazo hazikuwa tayari, na madereva na mafundi waliopewa mashine wasiyofundishwa. Mpango ulipofutwa Januari 1951, Hazina ya Uingereza ilikuwa imepoteza pauni milioni 36 hivi. Ikiwa serikali yenye wahandisi wa kutosha ilinunua mabaki ya jeshi kwa macho ikaumia hivyo, mwenye duka wa Kariakoo aliyeuza kiwanja ili aingie mnadani anapaswa kujiuliza mara mbili. Wala mabaki ya jeshi si mageni kwetu. Jina lenyewe la Kariakoo limetokana na Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Mwingereza wa Vita Kuu ya Kwanza.

Sasa, kitabu kinapatikanaje? Kwanza kwa kusoma vibati kabla ya mnada, siku ya kukagua, ukiwa na tochi, kitambaa na simu ya kupigia picha. Kibati cha gari la jeshi la Marekani mara nyingi kinataja chenyewe namba za vitabu vyake, zinazoanza na herufi TM. Namba hiyo ikiishia 10, ni kitabu cha dereva. Ikiishia 20 ni cha matengenezo ya kikosini. Na ikiwa na herufi P mwishoni ni kitabu cha spea, ambacho kwa mfanyabiashara ndicho chenye fedha. Vitabu hivyo ni kazi za serikali ya Marekani na kwao havina haki miliki, ndiyo maana vingi vimenakiliwa na vinapatikana kwa gharama ndogo au bure kwenye intaneti. Vya jeshi la anga la Uingereza huanza na herufi AP, na sehemu kubwa imehifadhiwa katika makumbusho ya jeshi hilo mjini London.

Pili, kuna namba ya ghala ya nchi za NATO, yenye tarakimu 13. Wachuuzi wengi huipita kama mapambo. Tarakimu nne za kwanza ni kundi la bidhaa: 1740 ni magari na matrela maalumu ya uwanja wa ndege, 2530 ni breki, usukani na ekseli, 3110 ni beringi. Mbili zinazofuata ni nchi iliyosajili kifaa: 00 na 01 ni Marekani, 99 Uingereza, 12 Ujerumani, 14 Ufaransa. Saba za mwisho ni kifaa chenyewe. Ukiwa na namba hiyo unaweza kufika kwa mtengenezaji halisi, na mara nyingi utakuta ni spea ya lori la kawaida ambayo jirani yako mtaani anayo rafuni. Beringi nazo ni rahisi zaidi. Iliyoandikwa 6308 ina tundu la milimita 40, kwa kuwa 08 huzidishwa kwa 5, na haijali kama ilitoka kwenye trekta la ndege au pampu ya maji.

Tatu, fuata ukoo wa kampuni. David Brown wa Uingereza alilitengenezea jeshi la anga la nchi yake matrekta ya kuvuta ndege wakati wa Vita Kuu ya Pili, yakiwa ndugu wa trekta lake la shamba. Kampuni hiyo ya matrekta ikauzwa mwaka 1972 na kuunganishwa na Case, kiwanda cha Meltham kikafungwa mwaka 1988, na Case yenyewe ikaja kuingia katika kundi la CNH. Anayeuliza kitabu cha David Brown ataambiwa kampuni haipo. Anayejua ukoo atauliza kwa wauzaji wa Case, au kwa watunza nyaraka za zana za kilimo wa Chuo Kikuu cha Reading.

Hapa kwetu kuna ugumu wa ziada. Kikosi cha anga cha JWTZ kilianza miaka ya 1960 kwa msaada wa Kanada, ndege zikiwa Otter na Caribou, kisha kikageukia China. Vifaa vya uwanjani kwa kawaida hufuatana na ndege, na vitabu hufuatana na lugha ya aliyeleta. Mnunuzi atakayekuta kibati cha Kichina asikimbie. Vijana waliorudi kutoka vyuo vya China, na wafanyabiashara wanaokwenda Guangzhou kila msimu, wanaweza kukisoma kwa bei ya chakula cha mchana.

Lawama hatuziachi kwa wanunuzi tu. Taasisi ya umma inapofuta mtambo hesabuni, kitabu chake hubaki kabatini katika karakana, au kwenye rafu ya ofisa aliyestaafu, kisha hutupwa wakati wa kupaka rangi ofisi. Kwa nini kisiuzwe na mtambo? Serikali ingepata dau kubwa zaidi kwa karatasi ambazo hazimgharimu mtu, isipokuwa zile zenye siri za ulinzi, na sidhani kama breki za trekta ni siri. Kituo cha Nyumbu cha Kibaha, kilichozaliwa jeshini na kikawahi kuunda lori lake, kinajua thamani ya mchoro wa kiufundi kuliko sisi. Kingeweza kuombwa kitunze nakala na kuziuza. Tena, mnunuzi adai hati kamili ya mnada kwa kila kifaa. Bila hati, bolti moja yenye alama ya jeshi inaweza kukuzalia kesi.

Kwa wenye maduka tunaona biashara ambayo haijapata mwenyewe. Fotokopi ya kitabu cha spea, ikifungwa vizuri, inauzika kwa kila mwenye mtambo wa aina hiyo, na kila anayekuja kuisoma kaunta ataondoka na sili au beringi. Ila nakala ya pili iwe nyumbani, si dukani. Moto wa soko la Kariakoo wa Julai 2021 haukuchagua karatasi.

Mwenye hisa naye anahusika. Swissport Tanzania, iliyokuwa Dahaco, iko katika Soko la Hisa la Dar es Salaam tangu mwaka 2003, na kazi yake ni kuhudumia ndege zikiwa chini. Katika kampuni ya namna hiyo, umri wa matrekta na upatikanaji wa spea zake ni gawio la mwaka kesho. Swali hilo ni halali kabisa katika mkutano mkuu, na halihitaji mtu awe fundi ili aulize.

Madalali tunawaomba jambo dogo: tangazo la mnada liseme wazi kama mtambo unauzwa pamoja na vitabu vyake au la. Ukurasa huu uko tayari kuchapisha, kando ya bei za wiki, mnada upi ulitoa vitabu na upi haukutoa.