Waya wa antena usiachwe kufia ukutani

Wahenga wetu walituusia kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka mkuukuu, uliochakaa pembeni, lakini umo nyumbani na ni wako. Msala upitao unapendeza macho, ila u njiani na huenda usikufikie kamwe. Methali hii inatujia akilini kila tunapotazama jinsi wakazi wa miji yetu wanavyohangaika kusambaza intaneti katika vyumba vya nyumba zao, ilhali waya waliokwisha kuulipia zamani umelala ukutani bila kazi.

Tuanze na hali ambayo walimu na wazazi wengi wanaifahamu. Tuchukue nyumba ya kupanga yenye vyumba vitatu katika jengo la ghorofa, iwe Nairobi, Mombasa, Nakuru au Eldoret. Kampuni ya intaneti imefikisha uzi wa kioo, yaani faiba, hadi sebuleni, na ruta ikawekwa kando ya televisheni kwa kuwa hapo ndipo fundi alipoona pana nafasi. Sebuleni intaneti ni tele. Chumba cha mwisho, ambamo mtoto ana meza yake ya kusomea, intaneti hufika ikiwa hoi au isifike kabisa. Kuta za majengo yetu mengi ni za mawe kama yale ya Ndarugu, na nguzo na sakafu ni za zege lenye vyuma ndani. Mawimbi ya waifai, hasa yale ya gigahezi 5 yenye kasi kubwa, hudhoofika sana yanapokutana na vizuizi vya namna hiyo.

Mtoto huyo afanye nini? Aghalabu huhamia sebuleni akaketi na daftari lake mapajani, huku taarifa ya habari ikisomwa mbele yake na wadogo zake wakizozana nyuma yake. Au humwomba mzazi pesa za kununua bando la simu, hali mzazi huyo huyo amekwisha kulipia intaneti ya mwezi mzima. Shule zilipofungwa nchini mwezi wa Machi 2020 kwa sababu ya Korona, na wanafunzi wengi wakakaa nyumbani hadi Januari 2021, ilidhihirika kwamba pembe ya nyumba anamoketi mtoto yaweza kuamua kama atasoma au hatasoma. Shule zimefunguliwa zamani, lakini kazi za ziada na utafiti wa mtandaoni hazikurudi nyuma. Pembe ile ya nyumba bado ina giza.

Sasa msomaji na aangalie chini ya ukuta wa chumba hicho hicho. Katika majengo mengi yaliyojengwa tangu televisheni ilipoenea mijini, ataona kibao cha plastiki chenye tundu la duara. Hilo ni tundu la antena. Nyuma yake umepita waya mnene kiasi, mweusi au mweupe, unaokwenda hadi sebuleni au hadi juu ya paa. Wengi wetu tuliusahau waya huu mwaka wa 2015, nchi ilipohamia utangazaji wa dijitali na ving'amuzi vikaingia sebuleni. Wengine wameubandikia kabati juu yake.

Waya huo huitwa koaksia. Maana ya jina lake ni kwamba sehemu zake mbili zina mhimili mmoja. Katikati kuna kiini cha shaba, au cha chuma kilichopakwa shaba. Kiini hicho kimezungukwa na plastiki isiyopitisha umeme. Juu ya plastiki kuna wavu au karatasi ya metali, na juu kabisa gamba la mpira. Kiini na wavu hushirikiana kupitisha mawimbi, na papo hapo wavu huzuia kelele za umeme za nje zisiingie, na mawimbi ya ndani yasitoroke. Hii ndiyo sababu waya huu una uwezo mkubwa wa kubeba habari kuliko nyaya mbili za kawaida za simu.

Kadhalika, yafaa ikumbukwe kwamba koaksia haikuzaliwa kwa ajili ya televisheni. Mwingereza Oliver Heaviside aliipatia hataza mwaka wa 1880. Mwaka wa 1929, wahandisi wawili wa Marekani, Lloyd Espenschied na Herman Affel, waliomba hataza ya waya wa aina hii wenye kuweza kubeba mazungumzo mengi ya simu kwa wakati mmoja. Waya wa kwanza wa simu kuvuka Bahari ya Atlantiki, uliofunguliwa mwaka wa 1956 baina ya Uskoti na Newfoundland, ulikuwa wa koaksia, na ulianza kwa kubeba mazungumzo 36. Robert Metcalfe na David Boggs walipobuni Ethernet katika maabara ya Xerox huko California kuanzia mwaka wa 1973, kompyuta zao waliziunganisha kwa waya huo huo. Anayesema, basi, kwamba waya wa antena si wa kompyuta, amesahau kwamba kompyuta zilikuwa jamaa zake wa kale.

Hapa inafaa tupambanue mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni kuileta intaneti hadi mlangoni. La pili ni kuisambaza kutoka mlangoni hadi chumbani.

Katika jambo la kwanza, Marekani ni mfano mzuri. Tangu mwaka wa 1948, wakazi wa miji midogo iliyozingirwa na milima, ambako mawimbi ya televisheni hayakufika vyema, walisimamisha antena ndefu mahali pa juu na kuteremsha koaksia hadi majumbani. Nyaya hizo zilienea nchi nzima. Intaneti ilipokuja, makampuni hayakufukua barabara upya. Mwaka wa 1997 kulitolewa kanuni za kiufundi ziitwazo DOCSIS, zilizowezesha modemu kupitisha intaneti katika waya ule ule uliokuwa ukileta vipindi vya televisheni. Baadaye faiba ilivutwa hadi mitaani, na koaksia ikaachiwa kipande cha mwisho cha kuingia nyumbani. Toleo la mwaka wa 2013 la kanuni hizo lilikusudiwa kufikia gigabiti 10 kwa sekunde. Hata hapa Nairobi, kampuni ya Zuku imetumia njia hii ya mseto wa faiba na koaksia.

Hata hivyo, kwa wengi wetu jambo la kwanza limekwisha kutatuliwa na faiba, nasi hatuwashauri watu warudi nyuma. Hoja yetu iko katika jambo la pili. Mwaka wa 2004 makampuni kadhaa yaliungana kuunda kanuni ziitwazo MoCA, zinazokusudiwa kupitisha data ndani ya nyumba kwa kutumia waya wa antena. Kinachohitajika ni adapta mbili. Moja huunganishwa na ruta na tundu la antena la sebuleni, na nyingine huwekwa kwenye tundu la chumbani, ikaunganishwa na kompyuta au na kituo kidogo cha waifai. Toleo lililotolewa mwaka wa 2016 lina uwezo wa kufikia gigabiti 2.5 kwa sekunde katika hali nzuri. Ukuta hautobolewi, na mwenye nyumba hana sababu ya kuja juu. Vilevile, kwa kuwa data hizo hutumia masafa yaliyo juu ya megahezi 1,000, ilhali televisheni ya antena ya kawaida hutumia masafa ya chini ya megahezi 700, vyote viwili vyaweza kupita katika waya mmoja bila kugombana.

Lakini tusiwe kama mchuuzi anayesifu embe na kuficha bovu. Njia hii ina mipaka yake. Kwanza, waya unaotoka kwenye dishi la setilaiti hubeba masafa ya megahezi 950 hadi 2,150, nayo huingiliana na yale ya MoCA. Waya huo usitumiwe kwa kazi zote mbili kwa pamoja, ila kama dishi halitumiki tena na limeondolewa kwenye waya. Pili, vigawanyi vya kale vilivyofichwa darini, vikuza mawimbi, na viungo vilivyolegea au kushika kutu, huweza kuzuia data zisipite. Tatu, katika ghorofa ambazo waya mmoja huhudumia nyumba nyingi, data zako zaweza kuteremka hadi kwa jirani. Ni lazima adapta ziwekewe nywila, na kichujio kifungwe pale waya unapoingia nyumbani. Nne, adapta hizo si bei rahisi, na si kila duka linaziuza. Mwenye chumba kimoja hazihitaji, kwani ruta yake yamtosha. Na mtoto wa kijijini, ambaye hana faiba wala tundu la antena, makala haya hayamfikishii chochote. Huyo ana madai yake mengine kwa serikali, nayo ni mazito kuliko haya.

Kuna watakaouliza kwa nini tuhangaike na shaba kuukuu ilhali dunia inakwenda kwenye faiba. Swali hili ni la haki. Jibu letu ni kwamba faiba na koaksia si mahasimu. Faiba imeifikisha intaneti mlangoni, na kilichobaki ni hatua 10 au 15 za ukuta wa mawe. Kuvuta faiba nyingine hadi kila chumba ni jambo jema kwa anayejenga leo, na tungependa wajenzi waweke mabomba ya nyaya ukutani kabla ya kupiga lipu. Lakini mpangaji wa jengo la miaka 20 hana mamlaka ya kutoboa kuta za mwenyewe. Akivuta waya sakafuni utamkwaza mzee usiku, na akinunua vikuza waifai vya bei nafuu, mara nyingi atakuwa anakuza ishara ambayo tayari ilikuwa dhaifu. Kipya kinyemi ingawa ni kidonda, na tumekwisha kuuguza vidonda vya kutosha vya kununua kabla ya kutazama tulicho nacho.

Waama, hilo ndilo linalotukera. Waya huo haukuja bure. Mwenye nyumba aliununua, na wapangaji wamemrudishia gharama hiyo katika kodi, mwezi baada ya mwezi. Kuuacha ulale ni kulipia kitu mara mbili. Wenye majengo na mawakala wao, ambao ni wepesi wa kuandika katika matangazo kwamba nyumba ina intaneti, wanapaswa kujua ni nyaya gani zimo katika kuta zao, zinaanzia wapi na kuishia wapi. Mchoro mmoja wa nyaya, uliobandikwa katika chumba cha mlinzi, ungewapunguzia mafundi kazi ya kubahatisha. Na mwenye jengo akinunua adapta kwa jumla na kuzikodisha kwa wapangaji wenye watoto wanaosoma, atakuwa amepata faida na thawabu kwa mpigo.

Walimu nao wana sehemu yao. Mwalimu wa fizikia anayefundisha ukinzani na mawimbi ana kifaa cha majaribio ndani ya ukuta wa nyumba yake, na hakihitaji bajeti ya maabara. Waya na uchomolewe kwanza kutoka kwa king'amuzi na kila kifaa kingine, kwa kuwa king'amuzi cha dishi hupeleka umeme wa volti 13 au 18 katika waya huo. Kisha, katika ncha moja, kiini na wavu viunganishwe kwa kipande kidogo cha waya, na katika ncha ya pili ukinzani upimwe kwa mita. Mita ikionyesha omu chache tu, waya u mzima kutoka mwanzo hadi mwisho. Isipoonyesha muunganisho wowote, umekatika mahali fulani. Halafu kile kipande kiondolewe na upimaji urudiwe. Iwapo mita bado inaonyesha muunganisho, kiini na wavu vimegusana njiani. Katika dakika 5, mwanafunzi atakuwa ameelewa mkondo kamili, mkondo uliokatika na mkondo mfupi, na nyumba yake itakuwa imepata jibu.

Vyuo vyetu vya kiufundi pia vinapaswa kuwafunza mafundi kupima na kukarabati nyaya zilizopo, wala si kuvuta mpya pekee. Fundi ajuaye kutoboa tu, kila tatizo kwake dawa yake ni tundu jipya ukutani.

Tunarudi kwa mtoto tuliyemwacha sebuleni, daftari mapajani. Hadai makuu. Anataka meza yake, mlango wa kufunga, na somo lifunguke anapolibofya. Baina yake na hayo pana ukuta wa mawe, na ndani ya ukuta huo mna waya ambao wazazi wake wameulipia kwa miaka. Kabla ya kwenda dukani, na kabla ya kumwita fundi mwenye keekee, tunamsihi kila mzazi na kila mwalimu asogeze lile kabati la chumbani na kutazama nyuma yake.